Waja wa Mungu: maswali mnayoniuliza kuhusu ile filamu ya Bahamas

Tangu nimalize kuiwekea maandishi ya Kiswahili filamu ya *Children of God* na kuionyesha sebuleni kwangu hapa Chumbageni, Tanga, simu haitulii. Wapo wanaonitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, wapo wanaonivizia nikitoka kununua mkate, na yupo mzee mmoja wa barazani ambaye haulizi kitu, ananitazama tu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Majibu haya hapa, bila mpangilio wa maana. Nimeanza na yale yanayojirudia.

Filamu yenyewe inahusu nini?

Watu watatu na visiwa viwili. Jonny ni kijana mchoraji wa Nassau, mji mkuu wa Bahamas. Mkono anao, lakini picha zake hazina roho, na anakwenda kisiwa cha Eleuthera kutafuta kilichopungua. Huko anakutana na Romeo, kijana ambaye kwao hawajui anampenda nani na yeye hana mpango wa kuwaambia. Wa tatu ni Lena Mackey, mke wa mchungaji, mwanamke aliyejitolea kuwahamasisha watu dhidi ya mashoga. Mumewe huyo mchungaji anahubiri hayohayo mimbarini, na akishuka mimbarini ana maisha yake ya siri na wanaume. Njia za hawa watu zinakutana Eleuthera.

Aliyeitengeneza ni Kareem Mortimer, mtoto wa Bahamas mwenyewe. Mwaka 2007 alikuwa ametoa filamu fupi, *Float*, yenye mbegu ya kisa hiki.

Ni kisa cha kweli?

Hapana, kimetungwa.

Bahamas ni wapi, na mbona unasema ni kama kwetu? Wale ni Wakristo.

Ni nchi ya visiwa karibu na Florida, upande wa Atlantiki. Visiwa vinatajwa kuwa kama 700, vingi havina mtu. Vinavyokaliwa ni kama 30, na watu wote kwa pamoja ni kama 400,000. Ni Wakristo wa kanisani hasa, Wabaptisti ndio wengi, na utangulizi wa katiba yao unataja maadili ya Kikristo kama nguzo ya taifa. Kwa hiyo ndiyo, dini si yetu sisi tulio wengi hapa Tanga.

Lakini angalia namna wanavyoishi. Eleuthera ni kisiwa chembamba, urefu kama kilomita 180, na kuna mahali kimekonda mpaka kinaunganishwa na daraja tu: upande huu bahari nzito ya buluu iliyokolea, upande ule maji mepesi ya kijani. Mahali pa namna hiyo hakuna pa kupotelea. Ukitoka kwenu unaonekana, ukirudi unaonekana. Hapa kijana akipanda bodaboda Makorora kwenda Raskazone, habari zake zinafika Raskazone kabla ya bodaboda. Tanga si kisiwa, najua, lakini uliza mtu yeyote aliyewahi kuachika Ngamiani kama aliweza kukaa siku mbili kabla mtaa haujajua.

Halafu kuna hili ambalo nimelipenda mno. Eleuthera ni jina lililotoka kwenye Kigiriki, maana yake uhuru. Waliokipa kisiwa jina hilo ni wahamiaji waliotoka Bermuda mwaka 1648, wakikimbia kubanwa katika mambo ya dini. Wakimbizi wa imani ndio walioanzisha kijiji, na mkimbizi wa filamu hii anakimbilia hukohuko. Filamu haina haja ya kulisema hilo kwa mdomo. Jina la kisiwa linasema lenyewe.

Mbona umeiita "Waja wa Mungu"? Tafsiri sahihi si "Watoto wa Mungu"?

Ni sahihi, na ndugu zangu wa kanisani wameniambia. Biblia ya Kiswahili inasema "wana wa Mungu": heri wapatanishi, maana hao wataitwa wana wa Mungu. Nilianza na hilo. Nikamwonyesha jirani yangu, mwalimu wa madrasa, ukurasa wa kwanza tu wa maandishi. Hakufika mstari wa pili. "Hakuzaa wala hakuzaliwa," akasema, akanirudishia simu.

Nikakaa nalo wiki nzima. Nilichokuwa nakitafuta ni neno ambalo Mkristo wa Chumbageni na Mwislamu wa Barabara ya Kumi na Mbili wote watalisikia na kusema, mimi nimo humo. Mja. Sote ni waja. Na kwa mtu wa Tanga kuna utamu wa ziada, maana sisi ndio wenye "waja leo waondoka leo". Hao si waja wale wa Mungu, ni wageni wanaokuja, lakini sikio halibagui. Filamu ni ya mtu aliyekuja kisiwani. Nikaona jina limekaa.

Mwalimu wa madrasa filamu hajaiangalia mpaka leo. Jina amelikubali.

Kwa nini humo ndani umetumia "shoga" mahali pengine na mahali pengine hukutumia?

Hili ndilo lililoninyima usingizi.

Kwetu neno shoga lina milango miwili. Mama yangu na rafiki yake wa tangu usichana wanaitana shoga. "Shoga, umeamkaje?" "Shoga, nikatie huo mkungu wa ndizi." Ni neno la mapenzi, la siri za jikoni, na hakuna mwanamke wa pwani atakayekubali kunyang'anywa. Mwanamume akiitwa shoga ni habari nyingine kabisa, na asilimia kubwa ya wanaolitamka hawana nia njema. Usiku wa kwanza wa kuonyesha, lilipotokea kwenye skrini kwa mara ya kwanza, bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka alicheka kwa sauti. Nusu saa kabla alikuwa amemwita mwenzake hivyohivyo akimwomba asogee.

"Hanithi" nililikataa. Maana yake moja ni mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, ni neno la kesi za talaka, na hawa vijana wawili tatizo lao si hilo. "Basha" linamgawa mtu kuwa upande mmoja wa kitanda, na filamu haiwagawi. Lile neno kali zaidi, mnalijua, nimeliacha litokee mara moja, pale mtu anapotukanwa njiani, kwa sababu mtukanaji angelitumia hilo na kumlainishia mdomo ni kusema uongo.

Kuna mtu wa Dar es Salaam alinishauri niweke "mapenzi ya jinsia moja" kila mahali, ndiyo lugha ya kistaarabu. Ni kweli ni ya kistaarabu. Ni ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nani katika dunia hii amewahi kumnong'oneza mwenzake, "nina mapenzi ya jinsia moja na wewe"? Pale wapendanao wanapozungumza wao kwa wao, nimeweka "mpenzi", nimeweka "wangu", basi.

Kiingereza chao mbona hakieleweki?

Ni Kiingereza cha Bahamas, kina lafudhi na ladha yake, kama Kiswahili cha Mmakunduchi kwa mtu wa Tabora. Mimi mwenyewe kuna sentensi nilizirudia mara kumi na tano. Mbili nimezikisia.

Wewe Mwislamu. Huoni haya?

Nasali, nafunga, na kisa cha watu wa Luti nakijua tangu chuoni. Filamu haikuniomba nikiache. Ilichoniuliza ni kitu kingine: mtu huyu mnayemjua, aliyekula kwenye sinia lenu, mtamfanya nini usiku mtakapojua? Hilo si swali la tafsiri ya aya. Wachungaji wa filamu nao wana aya zao, na wanazisoma vizuri.

Haya ninayo, lakini ni ya mambo mengine. Nilipokuwa darasa la sita, kulikuwa na mvulana tuliyemfuata kila siku kutoka shuleni mpaka kwenye kona ya kwao tukimwigiza anavyotembea. Mimi ndiye niliyeigiza vizuri zaidi. Nilisifiwa.

Kwa nini kila ukizungumzia filamu hii unamsema mke wa mchungaji? Wahusika wakuu si wale vijana?

Kwa sababu vijana wanapendana, na kupendana hakuhitaji maelezo marefu. Sisi tuliokulia sinema za Kihindi tumeshawaona mamia: anayempenda wasiyemtaka kwao, ufukwe, machozi, mama mlangoni. Mortimer anafanya hayo vizuri, kwa utulivu, ila njia tunaijua.

Lena ndiye mgumu. Mtengenezaji mvivu angemfanya shetani mwenye Biblia mkononi, tukamzomea tukaenda kulala. Hapa hatuachiwi. Tunamwona anavyovaa, anavyojiandaa, anavyokuwa na hakika, na huku sisi watazamaji tunajua kabla yake nyumba yake imejengwa juu ya nini. Kwetu kusitiri ni sifa. Ndoa inasitiri, mke humsitiri mume, aibu ya ndani haitoki mlangoni. Nani asiyefundishwa hivyo siku ya kuchezwa ngoma? Sasa huyu mchungaji amejifunika mke kama shuka. Na mke kwa miaka amekuwa shuka safi, lililopigwa pasi, linaloonyeshwa watu. Linapoanza kujua limefunika nini, hasira ile inaenda wapi? Haiendi kwa mume. Inaenda kwa vijana wa watu, ambao hawajamkosea chochote.

Bi mkubwa mmoja wa mtaa huu alikuja siku ya pili, nadhani alifuata kahawa na kashata zaidi ya filamu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, miguu nje, ili akichoka asiage. Lena alipotokea mara ya tatu au ya nne, aliingiza miguu ndani. Akawa anakunja pindo la kanga na kulikunjua, anakunja, anakunjua.

"Huyu namjua," akasema.

"Unamjua wapi, mama?"

"Namjua."

Hakuna aliyemuuliza tena. Alikaa mpaka mwisho, na kahawa yake ilipoa.

Si ni mzungu huyo Jonny? Basi haya si mambo ya wazungu tu?

Ni mweupe, ndiyo, lakini Mbahama wa kuzaliwa. Huko weupe ni kama watano katika kila watu mia, kwa hiyo anatazamwa mara mbili: kwa rangi, na kwa lile lingine. Romeo ni mweusi. Mchungaji ni mweusi, na siri yake hakuletewa na mtalii. Mwenye hoja ya "mambo ya wazungu" filamu hii itampa kazi.

Ninalokubali ni kwamba wazungu walituletea kitu, ila kitu chenyewe ni kifungu cha sheria. Soma swali la sheria huko chini.

Bahamas waliiruhusu kuonyeshwa?

Ndiyo, na hapo pana kisa. Mwaka 2006 bodi yao ya filamu iliipiga marufuku *Brokeback Mountain*, ile ya wachunga mifugo wawili wa Kimarekani iliyokuwa imetoka kushinda tuzo duniani. Miaka miwili kabla ya hapo, Julai 2004, waumini waliandamana Nassau kuipinga meli ya utalii iliyokuja na familia za mashoga. Yaani Lena Mackey hakutoka hewani. Mabango yake yalikuwa barabarani.

Desemba 2009 *Children of God* ikaonyeshwa kwao, kwenye tamasha la kimataifa la filamu la Bahamas. Ya Marekani ilizuiwa, ya mtoto wa nyumbani ikaingia. Nadhani ni rahisi kumfungia mlango mgeni kuliko mtoto wako aliyeshika kamera.

Sheria yetu inasemaje? Usije ukatuponza.

Kuna mambo mawili, msiyachanganye.

La kwanza ni tendo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza wanachokiita kujamiiana kinyume cha maumbile, na adhabu ni kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Ukali huo ni wa mwaka 1998, ilipopitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana. Kifungu chenyewe ni cha enzi za Mwingereza, aliyekigawa kila alipotia nanga, Bahamas ikiwemo. Wao walikiondoa mwaka 1991 kwa watu wazima walio faraghani. Wachungaji wa filamu, kwa hiyo, wanapiga kelele juu ya jambo ambalo sheria imeshaliacha. Hilo liliwashangaza sana wageni wangu: kumbe sheria inaweza kuondoka na mtaa ukabaki vilevile.

La pili ni kuonyesha filamu. Kuonyesha hadharani, kwa kiingilio au bila, kunataka kibali cha Bodi ya Filamu, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ndiyo maana sikuipeleka kibanda umiza hata nilipoahidiwa hela nzuri, na ndiyo maana mlango wangu unafungwa. Ni sebule yangu, wageni wangu, chai yangu.

Na mnaouliza mbona siandiki jina langu hapa: Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alitangaza wananchi wapeleke majina ya mashoga wanaowajua. Serikali ikasema yale ni maoni yake binafsi. Lakini simu zilikuwa zimeshapigwa.

Kwani hakuna filamu ya huku kwetu ya namna hii?

Iko *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya mwaka 2018. Wasichana wawili wa Nairobi, baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa tamasha la Cannes, na kabla haijafika huko bodi ya Kenya ilikuwa imeshaipiga marufuku nyumbani. Septemba mwaka huohuo mahakama ikairuhusu kwa siku 7, na watu wakapanga foleni.

Kilichonikaa kichwani ni alichosema Kahiu: bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwa sababu ulikuwa na matumaini kupita kiasi. Wasichana wangefikwa na msiba, pengine ingepita. Iangalieni ukipata nafasi. Ina Kiswahili na Sheng ndani, hamtanihitaji mimi.

Ina mambo ya chumbani?

Ina. Si filamu ya kuangalia na watoto wala na mama mkwe. Siku ya kwanza nilikaa na rimoti mkononi kama mlinzi, siku ya pili nikaiweka mezani. Watu wazima walijua wenyewe wakati wa kutazama kikombe.

Inaishaje?

Sisemi.

Ni kweli umeme ulikatika katikati na watu wakaondoka?

Umeme haukukatika, uniti ziliisha. Kosa ni langu. Projekta na feni na friji vyote vilikuwa vinakula, na LUKU sikuitazama. Na hakuna aliyeondoka, hiyo ni chumvi ya barazani.

Ilikuwa hivi. Romeo na Jonny wako pamoja, kisha giza. Watu kumi na mmoja, madirisha yamefungwa, joto la Machi. Nikasikia wanangoja nicheke ili nao wacheke, sikucheka, nilikuwa napapasa simu. Nikanunua uniti za elfu tano, nikasimama mbele ya mita na mwanga wa simu mdomoni, naingiza tarakimu ishirini. Nikakosea. Nikaanza upya.

Nyuma yangu sauti ya mwanamume ikasema, "Mimi nilisoma na mtu kama yule."

Kimya.

"Tulikaa dawati moja. Alihama."

Mtu akauliza, "Alihamia wapi?"

"Sijui. Hakuaga."

Nikakosea tena. Safari hii sina hakika kama ni mwanga. Nilipopatia, mita ikalia, projekta ikaanza kupasha taa yake taratibu, na kila mtu akawa anatazama shuka jeupe ukutani kabla picha haijaja. Sikugeuka kuona nani aliyesema. Nadhani namjua.

Unaweza kunirushia kwa flashi?

Filamu, hapana. Ni mali ya watu, walihangaika kuitengeneza kwenye nchi ndogo isiyo na soko kubwa la sinema. Itafute mahali inapouzwa au kukodishwa kwa halali. Faili la maandishi yangu ya Kiswahili nakupa bure. Likishindana na picha, lisogeze mbele sekunde mbili.

Huyo Mortimer ana nyingine?

Ipo *Cargo* ya mwaka 2017, kuhusu mvuvi anayeingia kwenye kazi ya kusafirisha Wahaiti kwa magendo. Watu wa mpakani Horohoro na wa ufukweni Pangani hawataona kitu kigeni humo. Naifikiria, lakini macho yangu yapumzike kwanza.

Utaionyesha tena lini?

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, baada ya Isha. Viti ninavyo kumi na viwili, mkeka unabeba watano wasiopenda nafasi. Anayekuja anibipu kwanza, apitie mlango wa uani, na bi mkubwa wa kashata ameshasema kiti cha mlangoni ni chake. LUKU nimeshanunua.